Chanjo ya majaribio au matibabu yanayojulikana? Ulinganisho kwa mama wa Goma mwenye kansa ya matiti

Mama akishaambiwa ana kansa ya titi, ushauri humjia kutoka kila upande. Mmoja anamhimiza apasuliwe upesi. Mwingine anadai kisu huamsha kansa. Na siku hizi yupo yule ndugu wa Brussels au Montréal anayetuma sauti kwenye WhatsApp: "Yaya, usikubali kukatwa. Huku kuna chanjo mpya ya kansa. Ngoja kwanza nikutafutie nafasi."

Anayasema hayo kwa upendo, na chanjo anazozisikia zipo kweli, zinajaribiwa. Hatari iko kwenye kungoja. Mimi ni muuguzi, nimekaa na akina mama wengi wenye swali hili, na msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: chanjo ya majaribio na matibabu ya hospitali si vitu viwili vinavyoshindania nafasi moja. Majaribio makubwa ya chanjo ya kansa ya matiti yanayozungumzwa leo yanachukua zaidi wanawake waliokwisha kutibiwa. Anayekataa matibabu ili angoje chanjo hukosa vyote viwili.

Kwa hiyo ninapolinganisha hapa chini, nalinganisha kwa kuuliza: kwa aina ya kansa uliyo nayo, matibabu yanakupa nini leo, na jaribio lingekupa nini, lini, na wapi?

Goma inaijua chanjo ya majaribio, ila ya aina nyingine

Watu wa Goma hawahitaji kufundishwa maana ya chanjo inayojaribiwa. Ebola ilipotuingilia Kivu Kaskazini mwaka 2018, chanjo ya kwanza ilianza kutolewa Agosti mwaka huo huo kabla haijapata kibali cha kuuzwa popote, na hadi mlipuko ulipokwisha mwaka 2020 watu zaidi ya 300,000 walikuwa wameipata. Novemba 2019 ikaja ya pili, ya Johnson & Johnson, iliyoanzia hapa hapa mjini, Majengo na Kahembe. Maneno yaliyozunguka mitaani wakati ule tunayakumbuka: kwamba tunatumiwa kama panya, kwamba sindano inaua uzazi. Tunakumbuka pia kwamba jaribio la dawa za Ebola, lililoanza Novemba 2018, lilisimamishwa Agosti 2019 kwa sababu dawa mbili kati ya nne zilionekana wazi kuokoa watu zaidi, na moja kati ya hizo mbili ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995.

Kumbukumbu hiyo ina faida na ina mtego. Faida ni kwamba tumejionea jaribio likifanywa kwa utaratibu na kuleta jibu. Mtego ni kudhani chanjo ya kansa hufanya kazi kama ya Ebola. Ebola ni kirusi kinachotoka nje, na mwili ukionyeshwa kipande chake mapema unajiandaa kabla hakijafika. Ndivyo ilivyo pia kwa chanjo ya homa ya ini ya B, inayokinga kansa nyingi za ini, na ya HPV, inayokinga kansa ya mlango wa kizazi: kansa hizo huanzishwa na virusi. Kansa ya titi haina kirusi kinachojulikana cha kuzuia. Seli zake ni seli zako mwenyewe zilizoharibika, na kinga ya mwili huziona kama watu wa nyumbani. Chanjo zinazojaribiwa hujaribu kuifundisha kinga alama fulani iliyo juu ya seli hizo, kama kumwonyesha mlinzi picha ya mwizi aliyevaa sare ya kazini.

Somo hilo ni gumu, na ndiyo sababu miaka zaidi ya thelathini ya utafiti bado haijatoa chanjo hata moja ya kutibu kansa ya matiti iliyopewa kibali. Akitokea mtu anayekuuzia "chanjo ya kansa ya titi iliyokwisha kukubaliwa", mlango wa kutokea unaujua.

Karatasi moja inayoamua pande zote mbili

Kabla ya kulinganisha chochote, unahitaji kujua kansa yako ni ya aina gani. Daktari anachoma sindano nene au anakata kipande kidogo cha uvimbe, kipande kinahifadhiwa kwenye nta, maabara inakikata nyembamba na kukitazama. Hapo utaambiwa kama ni kansa. Lakini bado kuna kipimo cha pili, immunohistokemia, ambayo madaktari wetu huifupisha na kuiita immuno. Hicho kinatafuta vitu vitatu: kipokezi cha estrojeni, kipokezi cha projesteroni (kwa hivi viwili seli hupokea homoni za kike), na protini iitwayo HER2, ambayo nayo ni kipokezi.

Akina mama wengi hapa huanza dawa bila karatasi hii, kwa sababu kipande kinapaswa kusafirishwa nje ya mji na familia imeshachoka kulipa. Naelewa. Hata hivyo, kama pesa ya likirimba, ule mchango wetu wa zamu, inatosha kitu kimoja tu mwezi huu, ningeiweka hapa. Bila karatasi ya vipokezi, daktari anachagua dawa kwa kubahatisha, na hakuna jaribio lolote la chanjo duniani litakalokujibu. Omba pia bloku yako, yaani kile kipande kilichomo ndani ya nta, itunzwe vizuri na ijulikane iko wapi. Majaribio mengi huomba kuipima upya katika maabara yao.

Kama karatasi inasema vipokezi vya homoni vipo

Hapa sitakaa sana, kwa sababu mizani imelalia upande mmoja. Dawa ni tamoxifen, kidonge cha kila siku kwa miaka mitano au zaidi. Ni ya zamani, ni ya bei nafuu ukilinganisha na dawa nyingine za kansa, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Uchambuzi mkubwa uliounganisha majaribio mengi, uliotoka mwaka 2011, ulionyesha kwamba wanawake wenye vipokezi vya estrojeni walioimeza miaka mitano walipunguza hatari ya kansa kurudi kwa karibu nusu katika miaka hiyo ya kumeza, na vifo vya kansa ya titi vikapungua kwa karibu theluthi katika miaka 15 ya kwanza. Waliokoma hedhi wana pia dawa kama letrozole na anastrozole.

Hakuna chanjo iliyokaribia namba hizo. Kama una vipokezi vya homoni, kazi yako ni kupasuliwa, kupata kemoterapia au mionzi ikiwa daktari ameona inahitajika, halafu kuhakikisha kidonge hakikatiki hata mpaka unapofungwa au bei inapopanda. Nimeona akina mama wakiacha tamoxifen mwaka wa pili kwa sababu "nimepona". Hapo ndipo pa kuelekeza nguvu za familia.

Kama karatasi inasema HER2 chanya

Kati ya wanawake 100 wenye kansa ya titi, wenye HER2 nyingi ni kama 15 hadi 20. Kansa hii hukimbia haraka, lakini ina dawa yake: trastuzumab, inayotiwa kwenye mshipa au chini ya ngozi kila baada ya wiki tatu kwa mwaka mmoja, ikianza pamoja na kemoterapia. Uchambuzi wa majaribio saba yenye wanawake zaidi ya 13,000, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba kuiongeza kwenye kemoterapia kunapunguza kurudi kwa kansa kwa karibu theluthi, na vifo vya kansa hiyo kwa karibu theluthi vilevile. Moyo unapaswa kupimwa kabla na wakati wa matibabu, kwa sababu dawa hii inaweza kuudhoofisha. Bei yake ndiyo inayotisha. Tangu Shirika la Afya Duniani lilipoikubali nakala ya kwanza ya dawa hii Desemba 2019, nakala zake za bei ndogo zimeongezeka, lakini kwa familia ya mitaa yetu ya Ndosho au Katindo bado ni mzigo mkubwa.

Na ni kwenye HER2 ndipo chanjo zimejaribiwa zaidi, kwa hiyo tuzitazame kwa makini.

Ya kwanza ni NeuVax, iliyotumia kipande kidogo cha protini ya HER2. Majaribio ya mwanzo yalileta matumaini: baada ya miaka mitano, waliochanjwa bila kansa kurudi walikuwa kama 90 kati ya 100, wasiochanjwa 80 kati ya 100. Ukisikia namba hizo kwenye sauti ya WhatsApp, utauza hata kiwanja. Likafuata jaribio kubwa la awamu ya tatu, ile inayopima kama chanjo inasaidia kweli, lenye wanawake 758 waliokuwa na kansa kwenye tezi za kwapani na HER2 ya kiwango cha chini au cha kati. Mwaka 2016 lilisimamishwa: waliochanjwa hawakuwa na nafuu kuliko waliopewa sindano ya kulinganishia. Wanawake wale hawakudanganywa na mtu. Kikundi kidogo kinaweza kuonyesha tofauti ambayo kikundi kikubwa kinaifuta, na kugundua hilo ndiyo kazi ya jaribio.

Ya pili ni GP2, nayo ni kipande cha HER2, inayotolewa na dawa ya kuamsha kinga iitwayo GM-CSF. Katika jaribio lake la awamu ya pili, ukichukua washiriki wote pamoja, tofauti haikuwa ya uhakika. Lakini walipotazamwa wenye HER2 chanya waliokamilisha chanjo, watu 46, hakuna hata mmoja aliyerudiwa katika miaka mitano, wakati wenzao wa upande wa pili wasiorudiwa walikuwa kama 89 kati ya 100. Matokeo hayo yalitangazwa mwishoni mwa 2020, na mwaka 2022 likaanzishwa jaribio la awamu ya tatu, FLAMINGO-01, ili kuona kama ni kweli.

Sasa soma masharti ya FLAMINGO-01 ukiwa umekaa Goma. Linataka mwanamke mwenye HER2 chanya aliyepata dawa kabla ya upasuaji, akapasuliwa, akamaliza mwaka wake wa matibabu yenye trastuzumab, na bado akawa na hatari kubwa ya kurudiwa. Kikundi chake kikuu kinachagua watu wenye aina fulani ya alama za kinga, HLA-A*02, ambayo si kila mtu anayo. Sindano ni 11: sita za mwezi kwa mwezi, kisha tano za kukumbushia kila miezi sita. Vituo vyake viko Marekani na Ulaya.

Yaani njia ya kufikia chanjo hii inapita ndani ya trastuzumab. Familia iliyoshindwa kuipata trastuzumab haiwezi kuiruka na kutua kwenye jaribio. Kama ndugu wa Ulaya ana uwezo wa kumlipia dada yake visa, tiketi na miaka karibu mitatu ya kwenda na kurudi, pesa hiyo ingemnunulia dawa ambayo faida yake imekwisha kupimwa kwa maelfu ya wanawake. Kwa HER2 chanya, huo ndio ushauri wangu, na nimeusema mbele ya wakwe na mashemeji zaidi ya mara moja.

Ipo na ya tatu, ya Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, iliyotumia DNA ya HER2. Matokeo ya awamu ya kwanza, wanawake 66, yalichapishwa Novemba 2022: haikuleta madhara makubwa na kinga iliamka. Awamu ya kwanza huuliza usalama na kipimo cha dawa. Haijibu kama wanawake wanaishi zaidi.

Kama vyote vitatu havipo

Kansa isiyo na kipokezi chochote kati ya vile vitatu, ambayo madaktari huiita hasi tatu, huwapata wanawake wa Kiafrika kwa kiasi kikubwa kuliko wa Ulaya, na mara nyingi huwakuta wakiwa vijana. Tamoxifen haiisaidii, trastuzumab haiisaidii. Matibabu ni upasuaji, kemoterapia na mionzi. Nchi tajiri zimeongeza pembrolizumab, dawa inayofungulia kinga ya mwili breki zake, lakini bei yake sithubutu hata kuitaja mbele ya mgonjwa wangu.

Kwa hiyo ukiniuliza ni nani mwenye sababu nzito ya kufuatilia majaribio, nitamtaja mama huyu kwanza. Chanjo yake iliyosikika zaidi ni ya Cleveland Clinic, Marekani, iliyotokana na kazi ya mwanakinga Vincent Tuohy, aliyefariki Januari 2023. Wazo lake linaeleweka na kila aliyewahi kunyonyesha. Kuna protini, alfa-laktalbumini, ambayo titi huitengeneza wakati wa maziwa tu. Mama akiacha kunyonyesha, inatoweka. Lakini kansa nyingi za hasi tatu huanza kuitengeneza tena. Basi ukiifundisha kinga kushambulia protini hiyo kwa mwanamke asiyenyonyesha, itagusa kansa na kuliacha titi zima.

Jaribio la awamu ya kwanza lilianza Oktoba 2021. Washiriki wa kwanza walikuwa wanawake waliomaliza matibabu ya hasi tatu ya hatua za mapema katika miaka mitatu iliyotangulia na ambao hawakuwa na kansa inayoonekana. Walichomwa sindano tatu zilizoachana wiki mbili mbili. Watafiti wameripoti kwamba zaidi ya asilimia 70 ya washiriki walionyesha kinga kuamka. Ni habari njema, naifurahia kwa moyo wote. Lakini kuamka kwa kinga ni hatua moja, na kuzuia kansa isirudi ni nyingine, nayo itahitaji jaribio kubwa na miaka ya kusubiri.

Angalia tena masharti: waliomaliza matibabu, wasio na kansa inayoonekana. Mama wa hasi tatu anayeruka kemoterapia anajifungia mlango huu pia.

Kama kansa imeshaenea

Ikiwa imefika kwenye mfupa, ini au mapafu, mazungumzo hubadilika, na nayaandika kwa uchungu. Chanjo iliyojaribiwa kwa wingi kwa wanawake wa hatua hii ilikuwa Theratope, kwa wanawake 1,028. Haikurefusha maisha, wala haikuchelewesha kansa kuendelea. Uvimbe mkubwa una namna ya kuilaza kinga, ndiyo maana watafiti wengi wakahamia kwa wanawake waliokwisha kuondolewa kansa yote inayoonekana.

Majaribio ya awamu ya kwanza bado huchukua watu wa hatua hii. Anayeingia anatoa mchango wa kweli kwa watakaofuata, na wachache hupata nafuu. Lakini wiki za safari, vipimo vya damu na vitanda vya ugenini zinatoka kwenye muda wake na watoto. Kama una vipokezi vya homoni, tamoxifen inaweza kuituliza kansa iliyoenea kwa muda mrefu. Kama maumivu ni makali, kuna mofini ya kunywa, na una haki ya kuiomba bila aibu. Singeuza nyumba ya watoto kwa ajili ya awamu ya kwanza.

Muda

Hiki ndicho kipimo ninachokipa uzito kuliko vyote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la BMJ, uliokusanya tafiti nyingi, ulionyesha kwamba kila wiki nne za kuchelewa kupasuliwa kansa ya titi huongeza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 8. Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu mama afike kituo cha afya mara ya kwanza, na angalau wagonjwa 80 kati ya 100 wamalize matibabu yao.

Linganisha na muda wa jaribio. Kutafuta jaribio, kuandikiana, kutuma karatasi, kutafsiri, kuomba visa, kusubiri kupimwa alama za kinga: ni miezi. Tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025, hata safari ya Ulaya ilianza kwa kuvuka barieri kwenda Gisenyi na kufuata barabara hadi Kigali. Miezi hiyo, ukiwa hujapasuliwa, kansa haikusubiri. Ukiwa unaendelea na kemoterapia, miezi hiyo hiyo inapita bila kukugharimu uhai. Andika barua zako za kuomba jaribio ukiwa kwenye kiti cha dripu.

Jambo jingine la muda: kemoterapia hushusha askari wa damu, na dexamethasone inayotolewa pamoja nayo hulaza kinga. Chanjo inahitaji kinga iliyo macho. Ndiyo maana majaribio mengi yatakuambia umalize kemoterapia na ukae wiki kadhaa kwanza.

Safari na gharama

Upasuaji unapatikana mjini kwetu. Kwa mionzi, Kigali ina mashine tangu 2019, katika hospitali ya kijeshi ya Kanombe, kama saa tatu au nne kutoka mpakani. Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kuna hospitali ya kansa iliyofunguliwa mwaka 2012. Kampala kuna Taasisi ya Kansa ya Uganda pale Mulago, iliyoanza mwaka 1967. Mionzi huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo hesabu chumba cha kupanga na chakula cha anayekusindikiza, si bei ya mashine peke yake.

Jaribio la kweli kwa kawaida halikutozi pesa ya dawa inayojaribiwa, na mengi hurudisha nauli. Lakini waulize vitu vitatu kwa maandishi: nani analipa matibabu ya kawaida yanayoendelea wakati wa jaribio, nani ananitibu nikidhurika, na je, nauli yangu inahesabiwa kutoka Goma au kutoka mlangoni kwa hospitali yenu?

Ukiambiwa "lipa dola elfu kadhaa tukuwekee nafasi", hapo hakuna jaribio. Jaribio la kweli lina namba katika daftari la wazi: la Marekani huanza na NCT, la Afrika huanza na PACTR. Lina kamati ya maadili yenye jina, na karatasi ya ridhaa ambayo unaruhusiwa kwenda nayo nyumbani, kuisoma na shangazi na mchungaji wako, na kusomewa kwa Kiswahili. Unaweza kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Uliza pia kama unaweza kuangukia kikundi cha plasebo, yaani sindano isiyo na chanjo. Kompyuta ndiyo inayochagua, si daktari wala wewe, na mara nyingi hutajua uko upande gani hadi mwisho. Mama anayesafiri akiamini amehakikishiwa chanjo anastahili kuujua ukweli huu kabla hajapanda gari.

Madhara, na kadi ya manjano

Kwa madhara, chanjo ndiyo yenye upole: ngozi nyekundu na ngumu palipochomwa, kuwashwa, homa ndogo, uchovu. Kemoterapia inang'oa nywele, inatapisha, inashusha damu. Homa ukiwa kwenye kemoterapia, usinywe dawa ya malaria nyumbani ukangoja kesho. Nenda hospitali saa ile ile, kwa maana inaweza kuwa maambukizi yanayoua kwa siku moja. Upole wa chanjo haupaswi kukuvuta, lakini. Dawa inayouma na kuokoa ni bora kuliko sindano tamu ambayo bado haijathibitika.

Na kwa kuwa tunasema habari za sindano na mipaka: chanjo ya homa ya manjano ina kirusi hai kilichodhoofishwa. Mtu aliye kwenye kemoterapia hapaswi kuchomwa. Kama huna kadi na unajua utasafiri, mwambie daktari kabla dripu ya kwanza haijaanza, ili akupangie nafasi ya wiki kadhaa ikiwa kansa yako inaruhusu, au akuandikie cheti cha kusamehewa chanjo. Usikubali kuchomwa mpakani ili upite tu.

Ujumbe wa kutuma

Ndugu aliyeko ng'ambo asitume tena sauti ya kukuambia ungoje. Mpe kazi hii: aandike kwa kituo cha jaribio, kwa lugha yao, maneno haya tu. Umri wa mgonjwa na nchi anayoishi. Tarehe kansa ilipothibitishwa. Hatua yake, na kama tezi za kwapani zina kansa. Matokeo ya vipokezi vyote vitatu. Tarehe ya upasuaji. Dawa alizopewa na tarehe ya dozi ya mwisho, au dozi zilizobaki. Bloku iko maabara gani. Kisha swali moja: mgonjwa huyu, akimaliza matibabu yake mwezi fulani, anaweza kufikiriwa, na lazima awe anaishi karibu na kituo chenu?

Jibu likija, lipeleke kwa daktari anayekutibu alisome kabla familia haijanunua tiketi, na rendez-vous ya kemoterapia ya wiki hiyo ibaki palepale.